Inchi Mbili

Gerezani wanasema alitoroka na mpiga filamu,
sasa ni bibi wa watu Lubumbashi.
Ilala wanaapa yumo chini ya nguzo
za lile ghorofa la Mtaa wa Livingstone,
ndiyo maana lifti yake haikai sawa.
Kaka yake Mwinjuma, hadi anakata roho,
alishikilia: ni soda, na kilichotiwa ndani ya soda.
Msimbazi polisi waliandika neno moja,
Amesafiri.

Filamu yenyewe haikwisha.
Zimebaki dakika nne: Stumai anashuka ngazi,
anageuza shingo kama aliyeitwa,
utepe unakatika.

Mimi sina la kudhani. Nina gauni.
Hariri ya kijani, kabatini tangu sitini na tisa,
stakabadhi bado imechomekwa pini.
Alilileta Jumanne, akafunga mlango kwanza.
"Fundi, nitolee inchi mbili kiunoni.
Na usiniulize."

Sikumuuliza.
Polisi nao hawakuniuliza.
Nilizitoa usiku uleule, kwa taa ya chemli.

Siku hizi kutunga uzi ni kazi ya mjukuu.
Lakini akiingia mteja wa kuzaliwa mwaka sabini
nampima mwenyewe, taratibu,
kisha namwita jina
akiwa ameshanipa mgongo.