Safu ya Matukio Yasiyo ya Kawaida

Gari langu la waya lina viti vinne vya bati
na mlango unaofungwa kwa kamba.
Kutwa navusha watu juu ya korongo:
wachimba manganizi wenye kope nyeusi,
Bi Dodo na ndoo yake ya jibini,
mtoto wa shule aliyesahau begi, arudi tena.
Dakika sita kwenda. Dakika sita kurudi.
Hapo katikati, penye upepo, nasoma.

Nasoma riwaya nene za majoka,
za falme zenye ramani ukurasa wa kwanza
na mito isiyofika baharini.
Naazima kwa Otari, aliyeokoa sanduku zima
siku paa la maktaba liliposhindwa na theluji.
Maji yalikwisha kula kurasa za mwisho.
Kila hadithi yangu hukatika pale pale:
upanga umeinuliwa, malkia amefumbua kinywa,
halafu ukungu wa buluu, halafu jalada.

Mwanzoni nililia kwa hasira, sikufichi.
Kisha usiku mmoja wa Februari, umeme umekatika,
nimelala na soksi mbili mbili,
malkia akanijia akamalizia sentensi yake.
Alisema: "Mfungulieni na farasi."
Basi.
Sikuwa na karatasi. Niliandika ukutani kwa kipande cha mkaa,
na Zaza mume wangu hadi leo anauliza ni farasi gani.

Tangu hapo penseli inalala nami.
Nimejifunza adabu ya ndoto:
usiwashe taa, usinawe uso, usiitikie salamu ya mtu;
andika kitenzi kwanza, majina yatakuja yenyewe.
Ndoto ni maziwa jikoni,
ukigeuka tu kumfukuza paka, yamefurika.
Mama alisema ndoto mbaya huambiwa maji yapitayo.
Lakini mto wetu ni mweusi kwa vumbi la mgodi,
umeshasikia ya kutosha.
Mimi naliambia daftari.

Daftari lenyewe, ole wangu, ni la kazini.
Lina tarehe, lina safari, lina abiria,
na ile safu pana upande wa kulia,
Matukio Yasiyo ya Kawaida,
ambayo kwa miaka kumi na tisa nilijaza "Hakuna".
Hakuna, hakuna, hakuna,
kama kunguru mwenye neno moja.

*Tarehe tisa Machi.* Mfalme wa chumvi amepanda kituo cha chini.
Anayeyuka begani. Hana tiketi.
*Tarehe kumi na moja.* Joka limejikunja ndani ya gurudumu kuu,
linaomba grisi. Nimelipatia.
*Tarehe kumi na nne.* Korongo limepanda juu, sisi tumebaki chini.
Abiria wamelipa nusu.
*Tarehe ishirini.* Hakuna. Nililala kama gogo.

Mkaguzi alikuja kutoka mji mkuu, Bwana Ilarioni,
viatu vinang'aa kuliko kipara chake.
Alisoma amesimama. Akasoma ameketi.
Gari lilikwenda likarudi mara tatu, hakushuka,
nami natazama vidole vyangu, nahesabu mishahara isiyokuja.
Mwishowe akatoa kalamu nyekundu
akanitoza lari moja: nauli ya mfalme.
Nikalipa. Akanipa stakabadhi yenye muhuri na sahihi,
akashika kamba ya mlango,
akanong'ona kama mtu anayeulizia deni la nduguye:
"Na ile chumvi iliyobaki kitini, mliipeleka wapi?"

Sikujua.
Nilimwambia arudi Alhamisi.

Leo Jumatano. Zaza anakoroma, bomba la jiko linagonga.
Nimesoma hadi penye ukungu,
nimeweka penseli chini ya shavu.
Stakabadhi nimeibandika mwanzoni mwa daftari jipya,
nililonunua kwa pesa yangu,
lisilo na safu hata moja.
Panda, mfalme.
Nauli ilishalipwa.