Kuamia Ndege, Ahero

Msimu ule sikupoteza hata shuke moja.
Waulizeni Ahero yote.
Kombeo mkononi, debe kiunoni,
nililijua wingu la kwelea kabla halijawa wingu,
nikalipasua kwa mabonge makavu ya udongo.

Dada yangu Aluoch alipita, karai kichwani,
akasema neno. Nikamwinulia kidole: ngoja.
Akapita tena, mkeka kwapani, kuku miguu juu.
Ngoja, nikasema, wanarudi kutoka Awasi.

Udongo ulipoanza kuninata kiganjani
niliulaani tu, nikachota mwingine.

Jioni anga lilikuwa jeupe, langu,
halina hata unyoya.
Nikaishusha shingo, inauma,
nikatafuta magoti yangu, hayapo,
na mpunga wote niliouokoa
ukiyumba taratibu, mzima,
chini ya mto Nyando.