Fomu ya Bi Ghaniya

Safu ya kwanza: uwezo wako.
Niliijaza mbio, bila kuinua kalamu:
sauti yangu yafika dawati la mwisho,
mwandiko wa ubaoni wasomeka,
majina thelathini na moja nimeyashika kwa siku mbili.

Safu ya pili: ya kurekebisha.
Hapo kiyoyozi kikabaki kinanguruma peke yake.

Jumatatu, darasa la nne, hapa Ibra,
niliuliza nusu na robo ni ngapi,
nikajibu mwenyewe.
Zuwena alikuwa ameinua mkono
hadi usawa wa sikio;
akajifanya anaweka sawa shela.

Bi Ghaniya hakuona. Mimi niliona.

Ningeandika "matumizi ya muda", yangepita.
Nikaandika: sijui kunyamaza.

Leo nimeuliza tena, nikafumba mdomo,
nikahesabu moyoni kwa lugha ya bibi,
ile tunayoiacha nyumbani pamoja na kandambili:
moja, mbili, tatu.
Nne ikawa ndefu kama barabara ya Sur.
Tano, mtu akakohoa.
Kwenye saba
mkono ukapita sikio.

Jibu halikuwa sahihi.
Nikanyamaza tena.