Kisima cha Babu

Nyumba ya kwanza, watatu. Ya pili, Mize peke yake,
ulimi mkavu kama kumbi, macho yamerudi ndani.
Naandika: umri, siku, mara ngapi.
Soni ilikwisha tangu juzi;
mama yake ananijibu kwa vidole.

Kila mlango una mshitakiwa wake.
Kwa Ngwali ni pilau ya hitima.
Mwalimu wa chuo ashuku shokishoki za kuokotwa.
Kwa Bitumu ni jicho la mtu, na mtu mwenyewe hatajwi,
anaoneshwa kwa kidevu: kule, kwa Bi Mkasi.
Mimi nauliza tu, maji mnateka wapi?
Wananitazama kama nimeuliza jua linachomoza wapi.
"Kwenu. Kwa babu yako."

Babu alikichimba mwaka wa ukame, pima kumi,
akausia kisiuzwe, kisifungwe,
sadaka isiyokatika.
Kila ndoo, tuliambiwa utotoni,
inamfikia huko aliko.

Usiku, kwa taa ya simu, natia nukta
kwenye ramani niliyoichora nyuma ya kalenda.
Ishirini na saba. Zimekizunguka kisima
kama watoto wa chuo na mwalimu wao.
Nyumba moja tu haina nukta.

"Mie? Sinywi maji ya watu walonila mikarafuu yangu mitatu.
Mwaka wa thelathini na moja huu."
Hajaugua yeye, wala mjukuu, wala kuku.
Pipa lake liko chini ya bati, limefunikwa kanga.
"Maji ya mvua hayana ukoo."

Basi chuki ndiyo iliyomlinda.
Fomu ya Wete haina pahala pa kuliandika hilo.

Asubuhi napima kwa hatua
kutoka shimo jipya la choo cha skuli mpaka ukingoni:
kumi na moja, na ardhi inainama huku.
Najaza chupa mbili, nazizika kwenye barafu ya samaki,
zende maabara zikaseme kwa lugha yao.
Sisubiri jibu. Nafungua kamba,
nalaza mbao, napigilia.
Ami Shehe amesimama mbali, hanisaidii, hanizuii.
"Umemfungia babu yako," asema.

Mkono wa nyundo unatetemeka.
Nina kiu toka alfajiri.
Kutoka uani kwake Bi Mkasi anakuja, hasemi kitu,
kata ya maji imejaa pomoni,
anatembea taratibu isimwagike.