Kiti cha Fiachra

Fiachra, zima hita ya gari, shuka.
Najua umelala tena maegeshoni,
kitabu cha sheria umekifanya mto,
mvua ya Galway ikikuhesabia saa juu ya paa.

Alhamisi wanajadili sera ya makazi ya wanafunzi.
Wana chati, wana tai, wana chai ya maziwa;
hata mmoja wao hajawahi kupiga mswaki
kwenye choo cha kituo cha mafuta.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti,
lakini maiti hasemi. Wewe unasema.

Usiogope istilahi zao.
Waambie kodi uliyotajiwa kule Salthill, ukacheka.
Waonyeshe shingo isiyogeuka.
Asiyekuwepo na lake halipo.

Njoo. Nimeshakuandikisha,
kiti cha mbele, karibu na kipaza sauti.
Soksi kavu nitakuazima.