Dawa ya Deni

Nilimdai Lusangija sare mbili za shule,
kitambaa changu, uzi wangu, macho yangu.
Mwezi wa tatu akaja na gunia la sukari linalolia.
"Mama Ngolo, pesa sina. Chukua hiki."
Kikatoka kitu chekundu,
masikio kama mifuko iliyoshonwa kinyume.
Nikamwita Deni.

Mwaka wa kwanza alikuwa mbwa kama mbwa wote wa Isevya,
akibwekea baiskeli, akilala chini ya cherehani;
mguu wangu ukikanyaga, mkia wake unaitikia.
Mwaka wa pili, miombo ilipotoa majani yale mekundu
yanayotangulia mvua,
akaanza.

Usiku: du-du-du-du,
kisigino kwenye mlango wa bati.
Unadhani mgeni. Unauliza, "Nani?"
Ni Deni, anajikuna.

Jirani wote wakahitimu udaktari.
Oili chafu, akasema fundi pikipiki.
Majivu, akasema Mama Kashindye.
Mtupe porini, akasema mmoja nisiyemtaja,
kwa kuwa bado namshonea.
Oili nilipaka, nakiri.
Siku tatu alinuka gereji,
na ngozi ya kwapani ikaachia
kama mshono wa uzi mbovu.
Alinitazama tu. Hakuning'ata.
Afadhali angening'ata.

Bwana mifugo Mihayo alimgeuza chali,
akachungulia kwapa, akanusa sikio.
"Si upele, mama. Ni mzio.
Mwili wake unagombana na kitu kisicho adui."
"Dawa?"
"Ya kutuliza, ipo. Ya kumaliza, hapana."
Nikacheka, akashangaa.
Tangu utotoni naambiwa dawa ya deni ni kulipa;
nani aliniambia hulipwa mara moja?

Basi nalipa.
Maji ya vuguvugu, ya moto huamsha mwasho.
Sabuni ya kopo alilonipa Mihayo,
na povu likae dakika kumi.
Saa sina: nampimia kwa pindo la sketi moja,
yeye kasimama kwenye beseni, kanywea,
ananiangalia kama mteja aliyecheleweshewa nguo.
Suuza. Suuza tena. Kausha katikati ya vidole,
hapo ndipo majani ya barabarani hujificha.
Gunia lake nalifua Jumamosi, nalianika juani,
viroboto waende wakadai kwingine.

Daftari langu la vipimo, kwa nyuma, ni lake.
Mbele: *Bega 15, kiuno 28, kitambaa kaleta mwenyewe.*
Nyuma: *Jumanne, dagaa. Kajikuna hadi saa nane.*
*Alhamisi, dagaa. Masikio mekundu.*
Nikakata dagaa. Wiki nane
viazi vitamu na nyama ya sungura,
na mwanangu Ngolo akaniuliza kwa upole
kama na yeye awe na mzio.

Kisha nikamshonea.
Mabaki ya khaki ya sare, mikono minne,
tundu la mkia, vifungo mgongoni asivifikie.
Watoto wakitoka shule wanamwita Mwanafunzi.
Mmoja alimuuliza yuko darasa la ngapi.

Juzi nimeshtuka usingizini,
moyo unapiga, sijui kwa nini.
Kimya ndicho kilichoniamsha.
Nikatoka na tochi, miguu mitupu,
nikiwaza nililowaza.
Deni amelala ubavu, khaki inapanda, inashuka,
pua imefukiwa chini ya paja lake mwenyewe.
Nikachuchumaa pale hadi magoti yakalalamika.

Sijasema amepona.
Majani mekundu yatarudi Septemba, kopo linakaribia kuisha,
na leo asubuhi nimemwona akiramba mguu wa kushoto,
mara moja, mara mbili,
akaniona, akaacha,
akajifanya anatazama barabara.

Lusangija kapita jana, kapunga mkono.
"Mama Ngolo, tulishamalizana, eh?"
Nikamwambia ndiyo.
Beseni lilikuwa mkononi.