Mwenye Kamera

Jumapili saa mbili usiku, Esbjerg, mvua inapiga kwa ubavu,
na sisi tumejipanga kwenye kochi la Gudrun
kama vyombo kabatini:
yeye na bakuli la plastiki mapajani, endapo,
Henning na bia yake,
mimi na soksi ninayoifuma tangu Novemba.
Sehemu ya nne. Mpelelezi anapanda ngazi za ghorofa
na picha inamfuata mgongoni
ikiyumba, ikichechemea, ikimpoteza, ikimwokota tena:
kisogo, dari, kiatu, nusu ya mlango,
kisogo.

"Jamani," asema Gudrun, "televisheni ya taifa,
na kodi yote ile tunayolipa,
imeshindwa kununua kigoda cha miguu mitatu?"

Henning alipika miaka thelathini kwenye feri ya Harwich,
sufuria zikiteleza kama watoto kwenye barafu,
hakutapika hata siku moja.
"Sikutapika kule, nije nitapike hapa
kwenye zulia la watu?"
Naye ameshageuza uso, anasoma maandishi ya chupa.

Asger, mjukuu, yuko sakafuni, miaka kumi na sita, hacheki.
"Bibi, huo ndio uhalisia."

Neno hilo.
Gudrun akaweka bakuli chini.
"Uhalisia? Macho haya nimeyabeba miaka sabini na minne.
Nimeyakimbiza nyuma ya basi,
nimeyapandisha ngazi na magunia ya viazi,
nimecheza nayo harusi nne, moja ikiwa yangu,
na ukuta haujawahi kunichezea.
Kichwa hutikisika, mjukuu wangu. Dunia hukaa pale pale.
Huyo aliyeshika kamera hana shingo?"

Nikacheka hadi vitanzi vitatu vikaniponyoka.

Kisha akafumba macho, akasema kama kila wiki:
"Haya, nisimulie. Wanafanya nini?"

Anabisha hodi, nikasema. Mama anafungua, ana unga mikononi.
Anamwambia. Hapana, hajamwambia,
mama ameshajua.
Picha sasa haikimbii, imesimama nao jikoni,
lakini inapanda na kushuka, kidogo, kidogo,
na hapo ndipo ulimi uliponisimama
maana nilitambua kuwa ile ni pumzi.
Kuna mtu mle jikoni ambaye hayumo katika hadithi.
Ana mzigo begani. Hakuna aliyemkaribisha kiti.
Anajizuia asikohoe.

Mimi pia niliambiwa. Februari, saa tano asubuhi,
vijana wawili kutoka bandarini, kofia mikononi.
Preben. Kreni. Mnyororo.
Na Gudrun ana haki: hakuna kilichotikisika.
Kikombe kilikaa juu ya sahani yake.
Nje mwanamke mmoja alimsubiri mbwa wake amalize haja.
Kila kitu kilinyooka kana kwamba kimepigiwa timazi,
nami nikasimama katikati nikitafuta
ufa hata mmoja, pazia moja lililopinda,
kitu chochote
kilichosikia nilichosikia mimi.

Hilo sikumweleza Asger. Angedhani namuunga mkono.
Simuungi. Kichwa kinaniuma,
na kisogo cha yule mpelelezi nimekichoka.

"Mbona kimya?" Gudrun, macho bado kayafumba,
mkono wake unanipapasa gotini. "Wanafanya nini sasa?"

Wamesimama, nikamwambia.

"Wote?"

Wote.
Isipokuwa mwenye kamera.